Mama Mdogo Si Mama? Neno juu ya Vyama vya Kuzikana

Huko Mtendeni, hapa Tabora mjini, kuna chama kidogo cha kuzikana. Jina lake hatulitaji, maana watu wake wangali wakikutana kila mwezi, wala hatupendi kuwatia haya kwa jambo ambalo wao wenyewe wamekwisha kulishika mkononi. Wanachama wapata 40, wake kwa waume, Waislamu na Wakristo, wenyeji na wageni. Kanuni zao ni fupi. Mwanachama akifiwa na mume au mke, mtoto, baba mzazi au mama mzazi, kila mwenzake hutoa shilingi 5,000. Wanawake huja na masufuria, kuni na maji. Wanaume hushika majembe na machepe kwenda makaburini. Na usiku watu hulala matanga pamoja na mfiwa.

Si zamani sana mwanachama mmoja, mama auzaye ndizi sokoni, alipata habari kwamba mama yake mdogo amefariki kijijini. Mama mdogo huyu ndiye aliyemlea. Mama mzazi alikufa mtoto akiwa bado ananyonya, na tangu siku ile mtoto hakumjua mama mwingine. Akapeleka habari kwa katibu. Katibu, mtu mwaminifu ambaye hatuna neno naye, akafungua daftari, akakuta mahali pa mama mzazi pameandikwa “marehemu”. Basi akasema kwamba kwa kanuni zilivyo msiba huu si wa chama.

Watu wakagawanyika. Wengine walisema: mama mdogo ni mama, nani asiyejua? Wengine wakajibu: tukifungua mlango huu kila mtu ataleta mama wadogo wanne, na baba wakubwa, na shangazi, na chama kitakufa kabla yetu. Wakati wao wakibishana, mfiwa alikopa nauli kwa jirani, akapanda basi peke yake. Aliporudi hakumlaumu mtu. Ila mkutano uliofuata hakuja, na uliofuata huo hakuja. Halafu wanawake watano wa soko lile lile wakaacha kutoa, nao hawakusema neno. Chama kikaanza kuvuja kama mtungi wenye ufa.

Wazee wa chama walituijia wakitaka tuwaamulie. Hatukuamua; si kazi yetu kuamua mambo ya daftari lisilo letu. Lakini tuliahidi kulifikiri jambo hili na kuliandika, kwa kuwa twajua Mtendeni si peke yake. Hakuna mtaa wa Tabora, wala wa Kigoma, Mwanza au Dar es Salaam, usio na chama cha namna hii, na katika vingi vyao daftari na moyo vimekwisha kugombana juu ya swali hili hili: nani ndiye ndugu?

Mji wa wageni

Yafaa kwanza tukumbuke tunakaa mji wa namna gani. Jina Mtendeni maana yake ni penye mtende, na mtende si mti wa pori letu la Unyamwezi. Uliletwa na watu wa mbali. Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, mahali pakiitwa Kazeh, walikuta nyumba za wafanyabiashara Waarabu na watu wa pwani, na misafara ikiingia na kutoka. Baadaye wakaja Wamanyema kutoka upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, wengine kwa hiari, wengi kwa kutekwa. Mwaka 1912 reli ya kati ikafika, ikaleta mafundi na makarani wa kila kabila. Basi tangu mwanzo mji huu ulikuwa na watu wengi waliolala mbali na makaburi ya baba zao. Mtu wa namna hiyo akifa, nani amzike?

Katika njia ya misafara, jibu mara nyingi lilikuwa la kutisha. Makumi ya maelfu ya wapagazi walipita kila mwaka kati ya pwani na bara, na Wanyamwezi ndio waliokuwa wengi na hodari kuliko wote katika kazi ile. Ndui ilipoingia msafarani, au njaa ilipokamata Ugogo, mgonjwa aliachwa. Wasafiri walioandika habari za njia ile wataja maiti na mifupa kando ya njia kama vile sisi tungetaja mawe ya maili. Hakuna aliyependa jambo hilo. Mzigo haungoji, na kirangozi aliyesimamisha msafara kwa ajili ya mtu mmoja aliweza kuwaua kumi kwa kiu.

Hapo ndipo twapaswa kuutazama utani kwa macho mengine. Vijana wa siku hizi hudhani utani ni mzaha tu, Mnyamwezi kumwita Mzaramo mtumwa wake na Mzaramo kumrudishia vivyo hivyo, watu wakacheka. La, utani ulikuwa na kazi nzito. Wanyamwezi wana utani na Wazaramo na makabila mengine ya njia ile ile ya misafara, na wataalamu wengi wameona kwamba njia yenyewe ndiyo iliyoukuza. Mtani ana haki ya kukutukana na kukunyang'anya kuku wako. Lakini siku ya msiba ana wajibu. Yeye ndiye asiyeogopa maiti yako. Huja kuchimba kaburi, humwiga marehemu mpaka wafiwa wacheke huku machozi yakiwatoka, hushika vitu vya msiba asiviachilie mpaka alipwe kidogo. Mnyamwezi aliyekufa Uzaramo, mwendo wa miezi mitatu kutoka kwa mama yake, alikuwa na mtu wa kumzika ambaye hakuwa ndugu wala rafiki, bali mtani. Huo ulikuwa chama cha kuzikana kisicho na daftari.

Baada ya misafara kufa, watu wa mijini walitafuta kitu kingine badala yake. Wazee wetu walikumbuka ngoma ya Beni, iliyotoka pwani na kuenea bara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Marini upande huu na Arinoti upande ule, na vyeo vya kifalme na kijeshi ambavyo serikali ya wakoloni ilivitazama kwa wasiwasi. Wengi waliona gwaride na mavazi tu. Lakini vyama vile viliwauguza wanachama wagonjwa na kuwazika waliokufa, na mtu mgeni mjini aliingia Beni kwa sababu hiyo kama alivyoingia kwa sababu ya kucheza. (Kupenda vyeo hatujaacha. Tumekwisha kuona chama cha watu 15 chenye mwenyekiti, makamu, katibu, naibu katibu, mweka hazina, mshika nidhamu na mshauri.) Baadaye vikaja vyama vya makabila mijini, navyo aghalabu vilianza na sanda na nauli kabla ya kuanza siasa.

Mzigo uliofika Bagamoyo

Tusitoke katika njia ya misafara bila kutaja safari moja, maana ilipita hapa Kwihara, mwendo mfupi kutoka Mtendeni. Dakta Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia, watu wake wangeweza kumzika pale wakaenda zao. Hawakufanya hivyo. Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga kwa magome na nguo, wakauchukua. Walifika Kwihara mwezi wa Oktoba. Hapo walimkuta Mwingereza Cameron, naye akawashauri wauzike mwili papa hapa. Walikataa. Walipoona mbele ya safari kwamba wenyeji hawataki maiti ipite nchini mwao, walifunga furushi la mabua wakalituma nyuma kana kwamba ndiyo maiti inayorudishwa kuzikwa Unyanyembe, nao wakaufunga mwili wenyewe upya ufanane na robota la nguo, wakaendelea. Februari 1874 waliukabidhi Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili ukazikwa London, katika kanisa la Westminster.

Watu husimulia habari hii ili kumsifu Livingstone. Sisi twaona imewahusu zaidi wapagazi. Watu wale waliokuwa wamezoea kuona wenzao wakiachwa njiani walijua vizuri sana thamani ya kuzikwa kwenu. Nao hawakuwa ndugu wa marehemu kwa damu, kabila wala rangi. Kama wangekuwa na daftari, jina lake lisingeonekana humo.

Jiwe la Lanuvium

Wako wanaosema kwamba vyama vya kuandika na kuchanga ni jambo la kizungu, na kwamba zamani watu walizikana bila karatasi. Neno hili ni nusu kweli. Vijijini Unyamwezi majirani walizikana na wanazikana bila karatasi, lakini si bila sheria: mtu asiyeonekana misibani aliulizwa na majirani zake, akatozwa faini, na akizidi akatengwa hata arudi mwenyewe kuomba. Na kwa upande mwingine, karatasi, au tuseme jiwe, ni jambo la kale mno.

Katika mji wa Lanuvium, kusini ya Roma, kulikuwa na chama cha kuzikana ambacho kanuni zake zilichorwa juu ya marimari mwaka 136 baada ya Kristo, nazo zasomeka mpaka leo. Wanachama walikuwa watu wadogo, hata watumwa. Kiingilio kilikuwa sesterti 100 na mtungi wa divai nzuri. Kila mwezi mtu alitoa asi 5, na kwa kuwa asi 4 zilifanya sesterti moja, hiyo ni sesterti moja na robo. Mwanachama akifa, chama kilitoa sesterti 300 za mazishi, na katika hizo 50 ziligawiwa kwa waliohudhuria. Msomaji mwepesi wa hesabu ataona kwamba mtu alihitaji kutoa kila mwezi kwa miaka 20 ili kufikia zile 300. Kwa hiyo kiingilio kilikuwa kikubwa: waliogopa mtu aingiaye leo afe kesho.

Mambo mengine ya jiwe lile yatashangaza watu wa Mtendeni kwa jinsi yanavyofanana na yao. Aliyekaa miezi 6 mfululizo bila kutoa, chama hakikumzika. Mtu akifa mbali zaidi ya maili 20 na habari ikifika, watu watatu walichaguliwa waende kumzika, wakapewa fedha ya njia. Mtumwa aliyekufa na bwana wake akaikatalia maiti kwa ukatili, chama kilimfanyia mazishi ya sanamu, asikose kuliliwa. Aliyefanya fujo au kumtukana mwenzake karamuni alitozwa faini, na aliyemtukana mkubwa wa chama alitozwa zaidi. Na mwanzoni kabisa jiwe lamwonya anayetaka kuingia azisome kanuni kwanza, asije akalalamika baadaye au akamwachia mrithi wake ugomvi.

Lakini kuna tofauti moja kubwa, nayo ndiyo kiini cha swali letu. Chama cha Lanuvium kilimzika mwanachama mwenyewe tu. Mama yake, mtoto wake, mama yake mdogo, hao hawakuwamo. Vyama vyetu vimechukua mzigo mwingine: havimziki mwanachama tu, vyamlilia na kila aliye wake. Huo ni utu mkubwa kuliko ule wa Warumi, na pia ni mzigo mkubwa. Anayeutaka utu wa kwanza bila kuuhesabu mzigo wa pili hudanganya wenzake.

Tuhesabu basi

Tuchukue mfano tu. Chama kina watu 40. Kikizika wanachama peke yao, kina watu 40 wa kuwaangalia. Kikiongeza mume au mke, wazazi wawili na watoto wanne, kila mwanachama amebeba watu 8 pamoja na yeye mwenyewe, jumla 320. Tukisema katika watu 80 mmoja hufa kila mwaka, hiyo ni misiba 4 kwa mwaka, na kwa shilingi 5,000 kila mwanachama atatoa shilingi 20,000 hivi. Mwuza ndizi aweza. Sasa tuwaingize mama wadogo na wakubwa, baba wadogo na wakubwa, wajomba, shangazi, ndugu wa tumbo moja na wakwe. Si ajabu mtu mmoja kuwa na 20. Hao ni watu 800 na misiba 10, na shilingi 50,000. Wala hiyo si kweli yote, kwa kuwa walioongezwa wengi ni wazee, na wazee hawafi kwa kipimo cha watoto. Mwaka mbaya misiba yaweza kufika 15. Hapo aliye maskini ataanza kujificha, na ajifichaye mara moja hurudi kwa shida.

Kwa hiyo wale waliosema chama kitakufa hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamepiga hesabu. Na wale waliosema mama mdogo ni mama hawakuwa wajinga wa hesabu. Walisema kweli ambayo lugha yetu yenyewe yaishuhudia. Hatusemi “dada ya mama”, twasema mama. Aliyeandika kanuni akatumia neno “mzazi” alitaka kuzuia wingi, bali alizuia kwa kipimo kisicho chetu: tumbo badala ya malezi.

Dawa twaiona katika idadi. Chama kiseme kila mwanachama ana nafasi sita, au nane, na mwenyewe aandike siku ya kuingia ni nani anaowaweka humo. Aliyelelewa na mama mdogo amwandike mama mdogo. Aliyelelewa na bibi amwandike bibi. Asiye na mtoto aandike mpwa. Hesabu ya chama haibadiliki, na hakuna katibu atakayelazimika kuamua mama ni nani.

Walakini kanuni hii ina mitego yake, na yafaa isemwe mapema. Kwanza, mtu asiruhusiwe kubadili jina wakati wowote apendapo. Atangoja hata jirani yake alazwe hospitali ya Kitete ndipo amwingize. Mara moja kwa mwaka yatosha, na jina jipya lingoje miezi mitatu kabla halijahesabiwa. Pili, ndugu wawili walio katika chama kimoja wataandika mama mmoja: je, rambirambi zitoke mara mbili? Twadhani ndiyo, kwa sababu wote wawili wametoa. Lakini chama kiamue kabla mama hajafa, si siku ya kilio. Tatu, watoto. Wenye watoto tisa watasema wameonewa. Waweza kuhesabu watoto wadogo wote wa nyumba moja kama nafasi moja. Hatuoni aibu kusema kwamba hili latupa shida kidogo, maana kumhesabu mtoto nusu ni neno baya hata likiwa la daftari tu.

Nauli, tofali na chepe

Nani asaidiwe, aliyekaa miezi mingi bila kutoa? Wengi huuliza. Warumi walisema miezi sita, basi. Sisi twatenga mambo mawili. Fedha hufuata daftari. Mtu asiyetoa hawezi kudai kilichotolewa na wengine. Huo si ukatili, ni haki ya mjane aliyekuwa akitoa shilingi zake kwa shida. Lakini kaburi halifuati daftari. Mdaiwa akifiwa, wanaume waende na machepe yao, wanawake wachote maji, watu walale matanga. Tobiti alipokuwa uhamishoni Ninawi, katika mji wa wageni kama huu wetu, alizika maiti ya mtu wa kwao aliyeiona imetupwa, akakiacha chakula mezani. Hakuuliza marehemu alikuwa amelipa nini. Na jirani zetu Waislamu wana neno lao, faradhi kifaya: kumzika maiti ni deni la mji mzima, wakilitimiza wachache wengine wamepona, asipolitimiza mtu wote wana dhambi. Katika Mtendeni neno hilo lajulikana kwa Mkristo na Mwislamu.

Twalitaja hili kwa sababu ya desturi mpya. Tangu fedha za simu zienee, mtu hutuma shilingi 5,000 na neno “pole” akaona amekwisha. Katibu hufurahi, maana hesabu hukamilika upesi. Mfiwa je? Mwaka 2000 wataalamu walichunguza maisha ya kijiji cha Nyakatoke, huko Buhaya, chenye kaya 119, wakakuta vikundi vya kuzikana ambavyo watu wake huchangia msiba unapotokea: chakula, fedha, na pia kazi ya kuteka maji na kupika, na kuwapo. Huko Ethiopia vyama viitwavyo iddir, vilivyoenea katika karne ya 20, hukusanya kila mwezi na kuweka akiba kabla ya msiba, tena kwa kanuni zilizoandikwa. Njia zote mbili zafaa. Ya Ethiopia ina nguvu ya fedha, ya Buhaya ina nguvu ya mikono. Chama cha mjini kitakiwacho kudumu chahitaji akiba ndogo ya kwanza kwa nauli na sanda, maana msiba hautangoji tukusanye, halafu mikono. Twapendelea faini ya kutohudhuria iwe kubwa kuliko faini ya kuchelewesha fedha. Wengi watatupinga.

Kagera yatukumbusha jambo jingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na miaka iliyofuata misiba ilikuwa mingi mno hata watu wakapunguza siku za matanga, ili mashamba yasife pamoja na watu. Hawakuacha kulia, walipima. Hapa kwetu tungali na matanga ambayo chakula chake humtia mfiwa deni la mwaka mzima, ng'ombe, mchele, soda, na watu wanaokuja saa ya sahani. Chama kina uwezo ambao mfiwa hana: mfiwa hawezi kusema “leo uji na maharage tu”, ataitwa bahili, chama kikisema, hakuna atakayemlaumu yeye.

Na fedha zikishatoka, apewe nani? Tumeona msiba ambao rambirambi ziliwekwa mbele ya kamati ya ukoo, zikahesabiwa kwa sauti, na mjane akarudi nyumbani bila hata ya sabuni. Chama kimkabidhi mwanachama mwenyewe mkononi, mbele ya mashahidi wawili. Akiwa aliyekufa ni mwanachama, apewe yule aliyeandikwa naye kwa jina siku ya kuingia. Ukoo una desturi zake, nasi twaziheshimu, lakini fedha hizi hazikutoka kwa ukoo.

Juu ya serikali tuseme kidogo. Sheria ya Vyama ni ya tangu 1954, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yataka vikundi vya kijamii vinavyoweka na kukopesha fedha visajiliwe. Chama kinachozikana tu bila kukopesha kina mambo machache; ila vingi huanza kwa sanda na kuishia kwa mikopo, kwa hiyo viongozi waende halmashauri waulize kabla hawajaulizwa. Wengine watasema Wakatoliki tuna jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizikazia mwaka 1976, nazo huomboleza pamoja. Chama cha mtaa cha nini? Jumuiya yetu twaipenda na kuitegemea. Lakini ukuta wa nyumba yako Mtendeni huenda umeshikana na wa Mwislamu, naye ndiye atakayesikia kilio chako kwanza usiku.

Mambo haya tuliyasoma mbele ya chama kile, si kama amri. Walibishana jioni mbili. Walikubali nafasi sita kwa kila mtu, watoto wadogo wa nyumba moja wakawa nafasi moja. Walikataa shauri letu juu ya faini, kwa kura nyingi. Na katika lile jiwe la Lanuvium walichukua watu watatu wa kusindikiza, nao wakawafanya wawili, kwa kuwa nauli ya basi si ndogo. Kisha wazee watatu walikwenda kwa mwuza ndizi, nyumbani, si sokoni, wakamwomba radhi. Walikaa naye kama watu wakaavyo msibani, ingawa matanga yalikuwa yameanuliwa miezi mitano nyuma. Akarudi, na wale watano nyuma yake.

Siku ya kuandika majina tulikuwapo. Kazi ilikwenda polepole, watu wakifikiri, wengine wakifuta na kuandika tena. Mzee mmoja wa asili ya Manyema, asiye na mke wala mtoto, alitaja majina mawili tu, yote ya watu wa nyumba ya jirani yake Mnyamwezi. Katibu akamwuliza undugu wao, apate kuujaza. Mzee akasema hajui neno la kuandika hapo. Katibu akafikiri kidogo, akaacha mahali pale wazi, akamwita mtu wa pili.